Mkutano Uliojibu Kaseti

Mbunge wetu wa miaka ile ya soko huria hakuipenda barabara yetu, na simlaumu, hata mimi siipendi. Kutoka Dodoma mpaka kijijini kwetu, kati ya Bariadi na Lamadi, ilikuwa treni, halafu basi, halafu vumbi. Kwa hiyo Bunge likikaa, yeye alikuwa anatuhutubia kwa kaseti. Kila wiki alirekodi moja na kuituma kwa treni na basi, katibu wake akaipokea Bariadi, na siku ya mnada akatuletea kwa pikapu yenye spika mbili juu. Jimbo silitaji. Mzee mwenyewe ameshatangulia, na watoto wake hawajanikosea.

Mimi nilikuwa mke mpya kijijini. Nilitoka Lamadi, kwa watu wa samaki, nikaolewa kwa watu wa pamba na ng'ombe, na siku za mnada nilitandika turubai langu pembeni nikauza dagaa na sangara wa kukausha. Hapo nilipokaa niliiona pikapu vizuri, na niliwaona wanaume wakiizunguka kwa vigoda vyao na fimbo zao, kimya kabisa, kama watu waliofika msibani mapema.

Taarifa ilianza kwa salamu. "Mwangaluka!" ilisema spika, na mnada mzima ukaitikia, "Mwangaluka!" Mbunge aliijua mikutano ya kwetu, kwa hiyo alikuwa anaacha nafasi. Akauliza, "Mhola?" akanyamaza kidogo, nao wakamjibu kwamba kwao ni shwari tu. Kisha akaingia kwenye kazi ya wiki: muswada gani umesomwa, swali gani ameuliza kuhusu visima, waziri amejibu nini, na jinsi jibu lenyewe lilivyokuwa la kuzunguka mbuyu. Hapo watu walicheka, na mzee mmoja akaiambia spika, "Mbane huyohuyo, usimwachie!" Mara ya kwanza nilipoyaona hayo nilicheka hadi mbwa akaondoka na sangara wangu. Kwetu ziwani redio husikilizwa, haijibiwi.

Mume wangu aliniambia nisicheke. Alisema mkutano ukiulizwa jambo, ukanyamaza, ni matusi. Na ukishajibu kwa sauti moja, jambo limekwisha. Harudi mtu kesho kulisema tena, maana kulirudia ni kama kusema kwamba jana mkutano ulikuwa haujatosha.

Katika watu waliojibu, hakuna aliyejibu kwa heshima kama baba mkwe wangu. Yeye alikuwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba, na ndiye aliyetunza ghala la pamba. Ghala lile kijiji kililijenga kwa mikono yake. Wanaume walivunja mawe mlimani, wanawake wakabeba maji, na mama mkwe alimbeba mume wangu tumboni huku ndoo ikiwa kichwani. Kila msimu ukikaribia, mzee alilifagia mwenyewe, hakumwachia mtu. Pamba safi aliiweka kulia na pamba fifi kushoto, na mkulima aliyeleta fifi akijifanya ni safi alirudishwa nyumbani na jina lake likabaki hapo likichekwa. Nje ya ghala alikuwa mzee mwenye mbuzi wachache na goti bovu. Ndani yake alikuwa mtu. Nilimwogopa na nilimpenda, vyote kwa mbali, maana mkwe hapigi soga na baba mkwe. Nilimsalimu nikiwa nimepiga magoti, nikapisha njia, basi.

Mwaka ninaousema, mambo yalianza kubadilika kabla pamba haijaisha shambani. Wageni walikodi vyumba kando ya barabara wakatundika mizani za kamba mlangoni. Hawakuuliza safi wala fifi, walitupa vyote katika gunia moja. Wengi wetu tulifurahi, kwa nini niseme uongo? Foleni ilikuwa fupi na hakuna aliyekusuta kwa majani makavu kwenye pamba yako. Mzee peke yake ndiye aliyepita pale akageuza uso.

Kisha akaja mtu mmoja mwenye shati jeupe. Alilizunguka ghala polepole, akapima ukuta kwa hatua zake, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole, akatazama bati. Hakumsalimu mtu. Wanawake waliokuwa kisimani waliacha kuchota, wakamwangalia mpaka alipoondoka. Jioni nilisikia kwamba alionekana Bariadi amekaa mbele katika pikapu ya katibu.

Mnada uliofuata, kaseti iliongelea maghala. Mbunge alisema kuna kifungu kinakuja kwenye muswada, kitakachoruhusu maghala ya vyama vya msingi yapewe wanunuzi binafsi, wayakodi au wayanunue. Alisema yeye ni mtumishi wetu, hawezi kuunga mkono wala kupinga bila sisi. "Sasa nawauliza, wazee wangu, baba zangu. Ghala lenu mnalitoa, au hamlitoi?"

Akanyamaza, kama kawaida yake.

Baba mkwe alisimama kwa goti lake bovu, akainua fimbo, na wanaume wote wakasimama naye. "Twalema!" Tumekataa! Sauti ile ilitisha. Ng'ombe waliokuwa kwenye zizi la mnada walirudi nyuma wakasukumana. Spika ikakohoa, ikasema, "Asanteni sana. Jambo la pili ni visima."

Wakakaa chini wameridhika. Mzee alikuwa anatabasamu. Katibu, aliyekuwa ameegemea mlango wa pikapu akila muwa, hakuandika kitu na hakusema kitu. Hakuna kiziwi ambaye angeikosa sauti ile. Mpaka leo sijui kama aliona si kazi yake kuipeleka Dodoma, au aliona kazi yake ni kutoipeleka.

Nilirudi nyumbani na kapu kichwani. Nilimwambia mume wangu, "Kaseti haina masikio. Mtu aende posta Bariadi apige simu, au iandikwe barua, la sivyo yule bwana hatajua kama mmekataa."

Alicheka. "Nyie wa ziwani si ndio mnaongea na samaki? Leo umekuwa mjuzi wa mikutano?"

Nikaenda kwa mama mkwe jikoni. Yeye hakucheka. Aliendelea kupepeta mtama, akaniambia, "Ng'wana wane, mwanangu, wanaume wameshajibu. Unataka wajibu mara ngapi?" Hata hivyo alimpelekea mzee maneno yangu, maana mimi nisingeweza. Nilikaa nje ya ukuta nikasikia jibu lake, bila hasira: "Mwambie mkwe, mkutano ukishasema, umesema. Mbunge aliuliza, tukamjibu, akashukuru. Alishukuru nini kama hakusikia?"

Nilikasirika. Nilikasirika nao wote, na hasira ile bado ninayo kidogo, ndiyo maana naandika. Walikuwa watu wenye akili. Walijua ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama anavyokunywa maji. Lakini tangu wazaliwe hakuna mtu aliyewahi kuwauliza swali akiwa hayupo.

Siku zilizofuata upepo ulivuma mchana kutwa, nyuzi za pamba zikanasa kwenye miiba ya barabarani. Yule wa shati jeupe alirudi, safari hii na fundi. Fundi alitazama bawaba za mlango. Mzee akamkaribisha maji kwa upole, akamwambia amepotea, ghala hili wenyewe wameshalikatalia. Mtu yule alikunywa maji yote, akarudisha kikombe, akasema, "Haya, mzee, tutaona." Niliyasikia maneno hayo nikiwa napita na kuni. Hakuyasema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Mnada uliofuata nilitandika turubai karibu zaidi na pikapu. Samaki sikuwapanga.

"Mwangaluka!" Waliitikia. "Mhola?" Wakaitikia tena. Mbunge alieleza wiki ilivyokuwa, vikao vimechelewa, kuna mbunge mwenzake ameugua. Halafu akasema, "Kuhusu lile la maghala. Wazee wangu, niliwauliza. Nimengoja neno lenu wiki nzima, simu wala barua sikupata. Majimbo mengine waliandika. Na sisi tunajua, kunyamaza ni kukubali. Kwa hiyo jana nilisimama, kwa niaba yenu, nikaunga mkono."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha wakasimama wote wakapiga ukelele uleule, "Twalema! Twalema!" lakini spika haikungoja. Iliongea juu yao. Ilitaja visima, ikataja barabara, ikatutakia mavuno mema, na wao bado wanapiga kelele, wengine wameinua fimbo, mmoja anaupiga mlango wa pikapu kwa kiganja. Kaseti ikafika mwisho, ikakatika. Na wao wakanyamaza mmoja mmoja.

Baba mkwe hakuwa amepiga kelele. Alisogea mpaka kwenye pikapu, akamuuliza katibu kama ile kaseti ya wiki iliyopita bado ipo. Ilikuwepo, kwenye boksi la biskuti chini ya kiti.

"Iweke," alisema. "Nataka nisikie pale tulipojibu."

Katibu alitazama huku na huku kutafuta mtu wa kumsaidia, akakosa. Akaiweka, akaipeleka mbele, akairudisha, mpaka ikapatikana sauti ya mbunge ikisema baba zangu, ghala lenu mnalitoa, au hamlitoi?

Safari hii hakuna aliyefungua mdomo. Mzee aliweka sikio karibu na spika, mkono mmoja juu ya bati la pikapu. Kulikuwa na mvumo wa mkanda. Kulikuwa na gari lililopita mbali, huko Dodoma, na mtu aliyefunga mlango. Halafu kikohozi, halafu, "Asanteni sana. Jambo la pili ni visima."

Alimwomba katibu airudishe tena. Ikarudishwa, na ikawa vilevile.

Alipogeuka, mimi ndiye niliyekuwa karibu. Tangu niolewe hakuwa amenitazama usoni, na mimi sikuwa nimemtazama. Alinitazama. Nilisahau kupiga magoti.

"Mkwe," aliniambia, "hatumo."