Nakala ya Kaboni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkubwa wetu, wakili mwenye ofisi, hakuniuliza lolote kuhusu sheria. Aliniuliza kama najua kudaka mpira. Ilikuwa miaka ya sitini, nami nilikuwa karani mpya Nairobi, nimetoka Mombasa, nikiishi na kucheza kriketi mtaa wa Ngara. Nikamwambia najua. "Basi kazi umepata." Mjinga mimi, nikafurahi.

Jumapili akanipeleka kwenye timu yake Westlands. Mpira ukagusa ukingo wa gongo lake la kupigia, ukadakwa, yaani ametolewa, ila mwamuzi hakusikia kitu. Mkubwa akajitoa mwenyewe, gongo kwapani. Ndiyo adabu ya kriketi: ukijua umetolewa, hungoji mwamuzi ainue kidole kukutoa. Watu wakampigia makofi. Nikasema huyu ndiye wa kumfuata, nikasomea sheria.

Miaka ya sabini, nikiwa wakili chini yake, tulimtetea mwenye nyumba aliyetaka kumfukuza Mama Mwikali, fundi cherehani wa Ngara. Huyo mama ndiye aliyekuwa akitushonea suruali nyeupe za kuchezea. Alidai mwenye nyumba alimwandikia barua kwamba atakaa pale maisha yake yote, ila paa lilivuja, barua ikaoza. Kazi yangu ilikuwa kuandaa orodha ya nyaraka, yaani kila karatasi tuliyo nayo, ya kutufaa na ya kutuumiza, upande wa pili uione. Ndani ya faili nikakuta nakala ya kaboni ya barua ile ile.

"Mzee, hii lazima iingie kwenye orodha," nikamwambia Mkubwa.

"Jaji ameiona?"

"Bado."

"Basi ngoja kidole. Mahakamani mtu hajitoi."

Nikairudisha karatasi ndani ya faili. Nilikuwa na mke, na nyumba mpya karibu na Adams Arcade.

Asubuhi ya kesi, Mama Mwikali alinishika mkono kwenye korido. "Kijana yangu, si uangalie kwa faili yenu? Hiyo barua iko, haki ya Mungu."

"Hakuna kitu, mama."

Alishindwa. Wiki hiyo hiyo cherehani yake ilitolewa nje.

Sasa nimestaafu. Kwenye klabu ya kriketi wametundika picha ya Mkubwa, na chini yake wameandika "Muungwana". Kila nikipita natamani kuivunja kwa bakora yangu. Nainua mkono, kisha naushusha, kwa sababu aliyemwambia Mama Mwikali hakuna kitu hakuwa yeye.