Krismasi kwa Wakwe Wadenmaki

Sikutoka nyumbani kwa hiari. Nawaambia mapema ninyi mliobaki Bungoma, mnaodhani kwamba mtu akiishi Sydney anatembea tu kwa kupenda. Nilitoka kwa sababu binti yangu wa pekee, Nafula, alinipigia simu juma moja kabla ya Krismasi akaniambia maneno ambayo mzazi hastahili kuambiwa.

"Mum, mamake Mads amekualika dinner tarehe ishirini na nne. Ndio siku yao kubwa. Ukikataa tena, mimi na Mads tutaandikishana February, na wewe hutaona hata picha."

Mads ndiye kijana anayetaka kumwoa. Alizaliwa hapa hapa Sydney, lakini mama yake, Birgit, alitoka Denmaki akiwa msichana na hajaacha hata tabia moja ya kwao. Mara mbili nilikuwa nimekataa kukutana naye. Nilisema, tena mbele ya watu wa kanisani, kwamba simtoi mwanangu kwa mtu asiyejua heshima ya wakwe. Maana kwetu, kama mjuavyo, mama na mume wa bintiye hawashikani mikono, hawali meza moja wala hawatazamani usoni, mpaka siku kijana atakapomletea mama blanketi mbele ya shangazi. Hapo ndipo mwiko unafunguka. Mzungu atayajulia wapi hayo? Baba Nafula yuko huko nyumbani na ng'ombe wake, na kazi ya kukasirika ameniachia mimi peke yangu huku.

Mount Druitt, mchana wa siku yenyewe. Jua liliwaka mpaka lami ya nje ilikuwa ikinata kwenye viatu. Mtu haendi kwa wakwe mikono mitupu, wala haendi peke yake, kwa hiyo nilimwomba rafiki yangu Mama Espérance anisindikize. Yeye ni Mrundi, aliishi miaka mingi kambini Tanzania kabla ya kuletwa huku, na tunaimba pamoja kwaya. Mashangazi wa kweli wa Nafula wako Bungoma, basi nikamteua yeye. Alikuja kutoka Fairfield na jogoo aliyemtafuta soko zima, na akajitwika khanga mpya kichwani kama shangazi kamili.

Nafula alikuwa ameandika kwamba tufike saa kumi na mbili jioni, si saa kumi na mbili ya kwetu. Nikakasirika. Chakula cha wakwe tangu lini kikafungwa na saa? Jogoo yule alikuwa mzee, na jogoo mzee hana haraka. Nilimngoja mpaka akalainika, nikamtia kwenye hotipoti, tukaenda stesheni.

Ndani ya treni nilijisemea kwamba ukienda kwenye nchi ya wenye chongo, fumba lako jicho. Niko ugenini. Nitaketi na huyo kijana meza moja, nitakula mbele yake, Mungu atanisamehe. Ya kwetu nitayaacha mlangoni. Nilijiona nimejishusha sana kwa ajili ya mwanangu, na nilitaka hilo litambuliwe. Treni ikavuka daraja la bandari, watu wakapiga picha za maji, mimi nimeshikilia hotipoti magotini ikiniunguza.

Lindfield, upande wa kaskazini. Mitaa ya huko ina miti mikubwa na kimya kingi. Nafula alitufungulia mlango, na nyuma yake akasimama Birgit, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe. Badala ya karibu, alitazama ukutani kwenye saa.

"Chakula kilikuwa tayari saa kumi na mbili," akasema.

Kisha akatuomba tuvue viatu. Nilikuwa nimesema ya kwetu nitayaacha mlangoni, lakini viatu sikuvihesabu. Nikavua. Tukaingia chumba ambacho mapazia yote yalikuwa yamefungwa, nje bado jua linawaka, na humo ndani mishumaa imewashwa kila mahali, mezani, dirishani, juu ya kabati. Kwetu mishumaa mingi hivyo ni ishara ya stima kupotea. Feni ilikuwa imezimwa ili isizime moto.

"Hygge," Nafula akaninong'oneza. "Ni kuketi pamoja vizuri, mahali pana joto, bila haraka. Just enjoy, Mum."

Joto wanalo. Nilihisi jasho likiteremka mgongoni chini ya gauni langu la kitenge.

Mezani ndipo hasira ilipopanda kweli. Kulikuwa na viti vinne na sahani nne, na mbele ya kila sahani kikadi chenye jina. Birgit, Mads, Nafula, Mama Nafula. Walikuwa wamehesabu vichwa, na shangazi yangu hakuwemo.

"Mbona viti iko ine tu?" Mama Espérance akaniuliza kwa sauti. "Kwani hapa wageni wanapimwa?"

Hapo nikamwona Mads kwa mara ya kwanza. Kijana mwembamba, masikio yamemwiva kwa joto. Alikuwa amesimama kando ya mlango wa jikoni akitazama sakafu. Hakunipa mkono wala hakunitazama. Akasogeza kiti chake, akamkaribisha Mama Espérance, akapokea hotipoti yangu, akaingia nayo jikoni. Hakurudi.

Nikangoja. Birgit akakata nyama, Mads hayupo. Akamimina vinywaji, Mads hayupo. Mimi niliyevunja mwiko wa mababu moyoni mwangu ndani ya treni, huyu kijana anaona shida hata kuketi nami? Na uso wa mama yake ulikuwa umekaza. Kila mara alitazama mlango wa jikoni, kisha akatazama kiti ambacho Mama Espérance amekikalia. Nikajua anamchukia mgeni wangu.

Akainua glasi na kunikodolea macho. Mimi, kwa heshima, nikatazama sahani yangu.

"Kwetu mkinywa bila kutazamana machoni ni utovu wa adabu," akasema.

"Na kwetu kumkodolea mkwe macho ndiko utovu wa adabu," nikamjibu.

"Mum, please," Nafula akasema.

Nitasema ukweli kuhusu chakula, ingawa siku hiyo sikutaka kuusema. Nyama ya nguruwe ilikuwa imeokwa na ngozi yake, na ngozi hiyo imepasuliwa vipande vyembamba vyenye chumvi, vikawa vikavu mpaka vinalia mdomoni. Viazi vidogo walivikaanga katika sukari mpaka vikawa vya kahawia vinang'aa. Nani anatia viazi sukari? Nikala vitatu nikilalamika, nikaongeza vitatu. Kulikuwa na kabeji nyekundu ya siki na utamu, na mchuzi mzito. Mama Espérance aliacha kuzungumza kabisa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Na kuku wangu hakuletwa mezani. Jogoo aliyetoka Fairfield hadi Lindfield, haonekani. Hilo nalo nikaliweka moyoni.

Baada ya nyama ukaja wali. Naam, wali, lakini uliopikwa na maziwa, ukapozwa, ukachanganywa krimu iliyopigwa na lozi zilizokatwakatwa, juu yake mchuzi wa moto wa cheri. Nafula akasema kwamba kuna mchezo ndani yake, lakini Birgit akamkatiza akimwambia ale kwanza, wageni wataona wenyewe. Kijiko changu cha tano au cha sita, nikauma kitu kigumu.

Wasomaji wangu, ninyi mmelelewa na akina mama waliokaa na ungo. Mnajua jiwe katika mchele ni aibu ya nani. Ningeweza kumwaibisha Birgit palepale, na kwa jinsi nilivyokuwa nimekasirika, nilikuwa na haki. Lakini hata ukigombana na mtu, humvulii nguo mbele za watu. Nikainua kitambaa cha karatasi, nikatema kile kitu taratibu, nikakifumbata mkononi. Nikajiona mtu mwema kuliko wote waliokuwa katika chumba kile.

Wao wakaendelea kula. Birgit akajipakulia tena, akatutazama mmoja mmoja midomo. Nafula akajipakulia tena. Bakuli likarudi, likazunguka, likakwanguliwa. Birgit alipomaliza sahani ya tatu alikuwa akipumua kwa shida, na bado anatutazama midomo. Nikaona hawa watu wana ulafi ambao hakuna aliyewahi kuusimulia.

Nikainuka na kusema naenda kutupa kitambaa.

Jikoni nikamkuta Mads. Amesimama mbele ya sinki, uso ukutani, sahani mkononi, anakula kuku wangu. Aliposikia nyayo zangu aliiweka sahani chini, akageukia dirisha, akanipa mgongo.

"Samahani, Mama," akasema kwa Kiingereza, bila kugeuka. "Kuku ni mtamu sana."

"Mbona huketi na watu?"

"Nafula aliniambia sipaswi kula mbele yako. Wala kukutazama. Nilitaka kuketi pembeni, lakini nikaona hii ni salama zaidi."

Nafula akaingia nyuma yangu. Nikamgeukia yeye, maana hasira lazima iende mahali.

"Kwa nini hukuniambia? Umeniacha nimkasirikie mtu jioni nzima?"

"Wewe ndio ulisema hawezi jua heshima, Mum. Mimi nikamfunza yote. Ulitaka nifanye nini tena?" Kisha akatazama mkono wangu. "Hiyo ni nini umeshika?"

"Jiwe. Lilikuwa kwenye wali. Msimwambie mama yake."

Akakifungua kitambaa. Ndani kulikuwa na lozi moja nzima, nyeupe, iliyomenywa. Akacheka mpaka akashika meza. Akanieleza kwamba lozi nzima huwa moja tu, anayeipata huificha shavuni, na wengine hula wakiitafuta mpaka bakuli liishe.

Birgit aliposikia hakucheka mara moja. Alishika tumbo lake kwanza. Kisha akacheka, akafuta macho, na uso wake ulipolegea nikaona kwamba haukuwa umekazwa na chuki.

"Mwanangu hajawahi kukosa meza hii usiku wa leo tangu azaliwe," akaniambia. "Aliniomba nimruhusu. Alisema ni kwa ajili yako. Na mwenye kupata lozi hupewa zawadi, na Mads ndiye humkabidhi. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya baba yake, sasa ni yake."

Mads akatoka jikoni, macho chini, amebeba kitu mikono miwili. Birgit alikuwa amekifuma mwenyewe majira yote ya baridi. Kilikuwa blanketi. La sufu, nene, jekundu, katika joto lile. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niulize ni nani aliyerogwa katika nyumba hii, Mama Espérance akaninyamazisha kwa kiwiko.

"Bon. Mama Nafula, iyi kijana anakuletea nini?"

"Blanketi."

"Na mimi niko nani hapa?"

Nikatazama khanga kichwani mwake. "Shangazi."

"Basi pokea. Mimi nimeona."

Nikapokea. Nafula alikuwa amejishika mdomo.

Sebuleni kulikuwa na mti wa Krismasi wenye mishumaa halisi, na ndoo ya maji pembeni. Desturi yao ni kushikana mikono na kuuzunguka mti wakiimba. Birgit alinipa mkono wake. Mads akainama kuchukua ile ndoo, ili awe mlinzi wa moto na asiwe katika duara. Nikamwambia aiweke chini. Nikanyoosha mkono wangu wa pili, naye akautazama kwanza, halafu akanitazama mimi, machoni, kama mama yake anavyotaka. Mkono wake ulikuwa na jasho kuliko wangu. Tukauzunguka mti, watano, tukiimba maneno ambayo mimi na Mama Espérance tuliyabuni.

Katika treni ya kurudi. Nimejifunza nini? Kwamba nilivuka bandari nikiwa tayari kuacha ya kwetu mlangoni, na ndani kulikuwa na mtu aliyekuwa akiyashika kwa niaba yangu, akila amesimama, na mimi nikamkasirikia. Hasira hiyo bado ninayo, ila sijui niielekeze kwa nani. Behewa lilikuwa la moto, abiria wamevaa kaptura na ndala, wakinitazama.

"Toa hiyo kitu, utakufa na joto," Mama Espérance akaniambia.

Nikalivuta blanketi likanifunika mabega yote mawili, nikamwambia aniache.