Otilia Anaanika Kobe

Mtu akitaka kumjua jirani yangu Otilia, asimuulize mwenyewe, maana ataambiwa kuna shamba la kuwahi. Aniulize mimi. Tumepakana jiko tangu tulipoolewa hapa kijijini, juu ya Mbinga mjini, ambako ikifika Juni ukungu unaingia ndani bila hodi. Nimemwona akibishana na mumewe, na katekista, hata na mbuzi. Sijawahi kumwona akishindwa, na sisemi hivyo kwa kumsifu.

Mwaka huu alibishana na baridi, kwa ajili ya kobe.

Kobe mwenyewe hakuwa wake. Alikuwa wa mkwe wake Perpetua, mama wa Lidia aliyeolewa na Rogasian, mtoto wa kwanza wa Otilia. Perpetua ni mtu wa Chiwanda, kule chini ziwani. Masika yaliyopita ziwa lilipanda, likaingia nyumbani kwake, likakaa humo mpaka kuta za tofali mbichi zikalala chini. Alitoka na godoro, masufuria na kobe. Kobe anaitwa Diwani, kwa sababu huonekana siku za neema tu. Perpetua alikuwa naye tangu Lidia hajazaliwa. Wakati huo alikuwa amejishikiza Mbamba Bay, kwenye chumba kisicho na uwanja, na Lidia na mumewe wamepanga chumba kimoja Songea. Basi mwanzoni mwa Mei akapanda gari na kumleta Diwani kwa Otilia ndani ya kikapu.

"Mkwe, naomba unitunzie huyu mpaka nipate pa kuanzia," alisema, amekaa ukingoni mwa kiti, maana mkwe kwa mkwe mwenzake hakai akajiachia. "Nyumba yangu iliyobaki ndiyo hii."

"Hatakufa mikononi mwangu," Otilia akamjibu.

Perpetua alikunywa chai, akashukuru mara nyingi kupita kiasi, akarudi kwa gari la mchana. Kwetu mkwe halali kwa mkwe mwenzake, isipokuwa kuna msiba au harusi. Ni aibu, na hakuna anayeuliza kwa nini.

Mei ilikwenda vizuri. Diwani alitafuna majani ya maboga na kuzunguka uwanja akikagua. Juni ilipoingia akaacha kula. Akajifungia ndani ya gamba lake, na ukimgusa mguu ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Otilia alimsogeza jikoni karibu na mafiga. Moshi ukamtoa machozi, yeye na kobe wake.

Ndipo akafanya kosa ambalo Mmatengo tu angeweza kulifanya. Sisi tunalima ngolo: majani yaliyokatwa yanalazwa kwa miraba, yanafukiwa kwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo. Chini ya udongo majani yanaoza, na ukiingiza mkono unasikia joto. Kwa kuchimba ngolo, Otilia hana mpinzani kwenye kilima chetu. Akaona, kama ngolo inalea maharage, itashindwaje kulea kobe? Akachimba moja nyuma ya jiko, akatandika nyasi kavu, akamlaza Diwani na kumfunika kwa kipande cha bati. Wanawake tukaja kuangalia, tukasifu kingo zilivyonyooka.

Tulisahau jambo ambalo kila mtoto wa hapa analijua: babu zetu walichimba ngolo ili zishike maji yasikimbie mlimani. Usiku yakaanguka manyunyu. Asubuhi ngolo ilikuwa imefanya kazi yake. Diwani alikuwa ndani ya maji, shingo imelegea, puani anatoa mapovu.

"Mama Rogasian, huyu amekwenda," alisema Wendelin, mume wa Otilia, akachukua jembe akazike.

Otilia alimnyang'anya lile jembe. "Aliyekufa hatoi mapovu! Nimwambie nini mkwe? Kwamba ziwa lilimshindwa, mimi nikamzamisha mlimani?" Nilimwonea huruma, na mimi si mwepesi wa huruma kwa Otilia.

Akamfunga Diwani kwa kitenge kifuani, akashuka kwa miguu hadi kwa Tumpe, afisa mifugo wetu, binti wa Rungwe aliyehamishiwa huku.

"Shikamoo mama. Mtoto anaumwa nini?" Tumpe akauliza, kisha akakiona kichwa cha mtoto.

Hakucheka, Mungu ambariki. Alikiri kwamba ametibu ng'ombe na nguruwe, kobe hajawahi. Akampigia simu mwenzake waliyesoma naye chuo, wakaongea kirefu, akampiga Diwani sindano ndogo kwenye mguu wa mbele. Kisha akasema, "Mama, huyu hana moto wake mwenyewe. Anaazima wa jua. Usimlazimishe kula akiwa wa baridi, chakula kitamwozea tumboni. Kwanza apate joto, tena joto kavu. Moshi hapana. Umwogeshe kwa maji ya vuguvugu yasiyofika puani, umkaushe vizuri. Na sindano hii tutairudia."

Joto kavu, Mbinga, mwezi wa Juni! Ni sawa na kuagiza dagaa wabichi kutoka kwenye mti wa kahawa. Lakini Otilia alirudi kilimani ameshapanga. Alitengeneza sanduku la mbao, akaliinua juu ya matofali lisiguse sakafu, akalijaza nyasi kavu. Usiku aliweka ndani kidumu cha maji ya moto kilichoviringishwa blanketi, na alfajiri aliamka kukibadilisha. Wendelin akalalamika kwamba kuni za nyumba zinachemshia kobe.

"Basi katafute nyingine," akaambiwa. Akaenda.

Mchana, ukungu ukishapanda, kuna saa chache za jua kali, na hapa kwetu jua hilo lina mwenyewe: kahawa. Tunaianika kwenye vichanja, juu ya wavu, upepo upite chini. Otilia alisukuma kahawa yake pembeni, akazungushia mbao kwenye kona, akampandisha Diwani. Akamwekea na kipande cha gunia cha kujificha chini yake akitaka kivuli. Habari ikafika sokoni kabla ya jioni: Otilia anaanika kobe. Watu walipita wakimuuliza kilo itauzwaje mwaka huu, na kama ni daraja la kwanza. Aliwajibu wote, na mengine siwezi kuyaandika.

Mapovu yakakoma. Macho yakafunguka. Siku moja nilimsikia Otilia akipiga kelele nikadhani nyoka, kumbe Diwani amechukua jani la boga, anatafuna. Otilia alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, analia kwa furaha mbele za watu. Lakini upepo wa Julai ulikuwa bado. Hakulegeza kitu, si kidumu, si kichanja, mpaka Agosti ikaisha.

Septemba Perpetua akaja. Alikuwa amekonda, na gauni lilikuwa lilelile la Mei. Otilia akamweka Diwani mbele yake, mzima, anatafuta majani. Perpetua alimgusa gamba, akamsogezea jani.

"Mkwe, kikapu umekiacha wapi?" Otilia akauliza.

"Sikuja nacho. Chumba cha Mbamba Bay wenyewe wamekitaka. Sasa hivi nalala popote, leo kwa huyu, kesho kwa yule." Akainuka, akajifunga kanga vizuri. "Nimekuja kumwona tu. Acha niwahi gari."

Otilia alibaki anamtazama. Ndipo alipoelewa, nami nikaelewa. Mei ile Perpetua hakuhitaji mahali kwa ajili ya kobe tu. Aliomba kile ambacho mkwe anaruhusiwa kuomba, pa kobe kulala, maana pake mwenyewe asingeweza kupaomba.

"Kaa chini," Otilia akasema.

"Mkwe, haifai. Watu watasema."

"Walishasema naanika kobe, nikanyauka? Miezi yote hii nahangaika na gamba la huyu, wewe sijakuuliza unalala wapi. Naona aibu, na si aibu ya wakwe." Akageuka. "Baba Rogasian! Toa mahindi kwenye chumba cha uani."

Wendelin akafungua mdomo, akamtazama mkewe, akaenda kutoa mahindi. Gari la mchana lilipiga honi kule barabarani, kisha likaondoka. Perpetua alikaa kwenye kiti, safari hii mpaka nyuma.