Kaka Aliniapia Kuwa Ni Dizeli

Mwamba uliwaka.

Sitanii. Niliweka vipande chini ya taa ya zambarau, ile inayoonyesha mafuta ambayo macho matupu hayayaoni, vikawaka rangi ya dhahabu iliyopauka. Niliona mwenyewe, asubuhi kweupe, nikiwa nimeshakunywa chai na akili zangu zote.

Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimemwambia bosi wangu kwamba kisima hakina kitu.

Aliyenifanya niseme hivyo si adui. Ni mtu niliyetoka naye tumbo moja. Tulieni niwasimulie.

Mimi ni mjiolojia. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mafuta katika bonde la ufa.

Nitawaeleza kwa kifupi, msinikimbie. Zamani sana ardhi ilivutwa huku na huku ikapasuka. Katikati ikadidimia, maji yakajaa, likawa ziwa. Tope la ziwa lile, na majani na vidudu vyake vyote, likazikwa chini na kuokwa na joto la ardhi mpaka likatoa mafuta.

Mafuta ni mepesi kuliko maji. Yanapanda kupitia mchanga, yanapanda tu, mpaka yakutane na kizuizi. Yasipokikuta yanatoka juu, yanapotea, kwaheri.

Mahali petu palikuwa na pande kubwa la mwamba lililoinama, ubavu wake umeegemea ufa mmoja wa chini kwa chini. Swali lilikuwa moja tu. Ule ufa unazuia au unavuja?

Ofisi nzima ilisema unavuja. Kule ufukweni kulikuwa na lami inayochuruzika kwenye mawe, nao wakasema hayo ndiyo mafuta yetu, yameshatoroka. Mimi nikasema hapana, ile lami inatoka kwenye ufa mwingine. Ufa wetu ulipokuwa unateleza ulijipaka udongo wa mfinyanzi ubavuni, kama mtu anavyokandika ukuta. Haupitishi kitu.

Nilibishana nao mpaka wakanibatiza Mama Ufa. Nikiingia kwenye mkutano mtu anauliza kama leo umevuja. Wanacheka. Nami nacheka, lakini moyoni naumia.

Mwishowe bosi, tuliyekuwa tukimwita Mkuu, akakubali tuchimbe. Aliniambia wazi kwamba kampuni iko hoi, hiki ni kisima cha mwisho. Kikiwa kikavu tunarudisha eneo serikalini, na kila mtu anashika njia yake.

Kwa hiyo jina langu, kazi yangu, na ugali wa watu wengi vilikuwa chini ya ule ufa.

Sasa huyu kaka yangu.

Mama alipofariki nilikuwa bado shuleni. Baba hatukumjua. Kaka aliacha masomo akaenda kubeba mabomba kwenye mitambo ya kuchimba ili mimi nisome. Alipanda kidogo kidogo mpaka akawa fundi wa tope. Sio tope la mvua, jamani. Ni lile linalozungushwa ndani ya kisima ili kupoza meno ya kuchimbia na kupandisha vipande vya mwamba juu. Yeye ndiye anayelipika, anajua kila kilichomo.

Nilipokuta ni yeye aliyepangwa kuwa fundi wa tope kwenye kisima changu, nililia kwa furaha. Nikajiona nimeegemea mlima.

Kwenye mtambo kuna sheria. Fundi wa tope akitia chochote chenye mafuta, anamwambia mjiolojia kwanza. Dizeli nayo huwaka chini ya taa. Na mjiolojia akiona mwako, hapigi kelele. Anamwita fundi wa tope, anamuuliza.

Siku ile tulikuwa tumetoka tu kuvuka tabaka la udongo na kuingia kwenye mchanga. Vipande vikaja, nikavisafisha, nikaviweka chini ya taa.

Vikawaka.

Sikupiga kelele. Nilimwita Kaka.

Aliinama akaangalia. Aliangalia muda mrefu. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akanitazama kwa huruma kabisa.

"Mdogo wangu, nisamehe. Alfajiri bomba lilinasa, nikamwaga dizeli ili liteleze. Nimesahau kukwambia."



Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Unashika kipande kwa koleo, unakipasua, unatazama ndani. Dizeli inapaka nje tu. Mafuta ya ardhini yamelala humo tangu enzi na enzi, yanawaka hadi kiini. Ni kazi ya kufumba na kufumbua, na koleo nilikuwa nimeshalishika.

"Una uhakika?" nikamuuliza.

"Kwa kaburi la mama," akasema.

Nikaweka koleo chini.

Niambieni nyinyi, ningefanyaje? Mtu aliyeniosha, aliyenilisha, aliyenisomesha, ameapa kwa kaburi la mama yetu, halafu mimi nianze kumhakiki kwa koleo?

Vipimo vya umeme, vile tunavyoshusha kisimani kutafuta mafuta, navyo havikusaidia. Maji ya miamba ile hayana chumvi, na maji yasiyo na chumvi yanakataa umeme karibu sawa na mafuta. Mashine ikasema labda ndiyo, labda hapana. Mkuu akaniuliza taa ilisema nini. Nikajibu dizeli, kisima hakina kitu.

Kisima kikajazwa saruji. Kampuni ikarudisha eneo. Watu wakafungasha virago, na wengine walinipita mlangoni bila hata kuniaga.

Kaka alinipokea kwake. Wifi alinipa chumba, akawa ananibembeleza nile. Jioni Kaka ananipigapiga bega, ananiambia ardhi ni siri ya Mungu, nisijilaumu. Baadaye akaniambia amepata kazi mbali, visima vya maji. Nikamwombea dua, mjinga mimi.

Nikahama, nikapanga chumba, nikaanza kufundisha hesabu kwa watoto wa watu.

Siku moja nipo saluni, nasukwa. Redio inasoma habari. Kampuni mpya imegundua mafuta mengi katika bonde la ufa, hatua chache tu kutoka kwenye kisima kilichoachwa na kampuni ya zamani.

Nikaruka kwenye kiti. Msusi akadhani amenivuta nywele. Nilikuwa sahihi! Ufa hauvuji! Nilitaka kumpigia Kaka pale pale.

Mtangazaji akaendelea. Kisima hicho, akasema, kimepewa jina la Kidoti.

Simu ikanianguka.

Kidoti ni mimi. Nina alama ndogo kidevuni, mama ndiye aliyeniita hivyo. Shuleni hawakulijua, kazini hawakulijua. Duniani alibaki mtu mmoja tu anayelijua jina hilo.

Nilitoka saluni nusu kichwa kimesukwa, nusu kimetimka. Watu barabarani walinishangaa, sikujali, nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Kaka, maana wiki ile alikuwa likizo.

Wifi alifungua mlango, akaniona, akarudi jikoni bila salamu. Naye alijua. Hilo liliniuma peke yake.

Kaka alikuwa sebuleni. Sikukaa.

"Bomba lilinasa, au halikunasa?"

"Halikunasa," akasema.

Alinieleza yote kwa upole, kama anavyonielezaga mambo tangu utotoni. Wale wapya walimfuata kabla hatujaanza kuchimba. Eneo likirudi serikalini wao watalichukua, naye watampa cheo na hisa. Alisema amechoka kuwa fundi wa watu. Alisema angeniambia, ningekataa.

"Ningekataa," nikasema.

"Ndiyo maana sikukwambia. Lakini sijakusahau, mdogo wangu. Kisima nimekipa jina lako."

Alisema hivyo huku anatabasamu. Alidhani amenipa zawadi.

"Na kaburi la mama?" nikamuuliza.

Hapo akainamisha uso.

"Bila hivyo ungepasua kile kipande."

Nilitoka. Nililia njiani kama mtoto, sina aibu kusema.

Kesho yake nilimwendea Mkuu, nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza, akashusha pumzi. Akaniambia yeye hakumsikia Kaka akisema chochote. Alinisikia mimi. Aliyesema dizeli ni mimi.

Basi, katika fani yetu mimi ndiye mjiolojia aliyeyaona mafuta kwa macho yake akayaita dizeli. Nikiomba kazi wananiuliza kwanza kisa hicho, na wengine hawaulizi, wanacheka tu. Na redio kila wiki inasema Kidoti kimetoa mapipa kadhaa. Msusi wangu ameshazoea, akisikia anazima.

Kaka anapiga simu kila sikukuu. Sipokei.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nikiusema msemo huo kila siku bila kuuelewa. Wapendeni ndugu zenu, sijawakataza. Lakini kazi ikifika mezani, ikagueni hata kama aliyeileta ndiye aliyewalea. Adui angeniapia kwa makaburi yote ya dunia hii, na bado ningekipasua kile kipande.