Kasisi wa Alama ya Kuzidisha

Baba alitaka niwe pasta, mimi nilitaka hesabu. Tena si kidogo. Niliitaka hesabu kama mtu anavyotaka kuoa. Ilikuwa Jumatano, na mtandao wa kuchagua kozi za chuo kikuu ulikuwa ufungwe Ijumaa. Bila ruhusa ya baba, mzee wa kanisa letu la Kisabato huku Marani, nisingethubutu kubonyeza chochote.

Asubuhi hiyo tulikuwa tukichuma majani chai, baba, mama na mimi. Nikaona heri niseme. Nilikuwa nimesoma habari za kasisi mmoja Mwingereza wa zamani sana, mtu wa Mungu na mtu wa hesabu kwa pamoja. Nikajiambia, huyu ndiye wakili wangu.

"Tata," nikaanza, maana kwetu baba ni tata, "kuna mchungaji wa Uingereza aliyetuletea ile alama ya kuzidisha."

"Alama gani?"

"Ile ya mistari miwili inayokatana."

"Aa! Ile iliyojaa kwenye daftari lako la Kiswahili?"

Mama akacheka huko mstari wa pili wa michai. Nilikasirika, lakini nikajikaza. Nikaeleza jinsi mchungaji huyo alivyobuni mbao mbili nyembamba zenye namba. Unatelezesha moja kando ya nyingine, jibu la kuzidisha unalisoma hapo hapo. Nikaeleza kwamba vijana walimwendea nyumbani akawafundisha bure, na kwamba, inasemekana, mkewe alimnyima mshumaa baada ya chakula cha jioni, asije akaumaliza kwa hesabu.

"Huyo mama alikuwa na akili," mama akasema.

Baba alikuwa anachuma tu. "Alikuwa Msabato?"

"Tata, wakati ule Wasabato hawakuwepo."

"Aliabudu siku gani?"

Nikajua nimekwisha. "Jumapili."

Baba akasimama wima, akatupa majani kwenye kikapu mgongoni. "Mwanahesabu mzima, na hajui kuhesabu hadi saba!"

Lo! Mama alicheka hadi akashika kiuno. Hata mimi nilicheka, ingawa moyo uliniuma, maana niliona wakili wangu akifukuzwa mahakamani.

"Na mahubiri yake je?" baba akauliza, sasa bila mzaha. "Yalikuwa na nguvu?"

Ningeweza kudanganya, lakini uso wangu haujui kazi hiyo. Nikasema ukweli: wachungaji wenzake walimwona mhubiri hafifu, kwa kuwa akili yake yote ilikuwa kwenye namba. Alikuja kuhubiri vizuri uzeeni, alipoogopa kupoteza kanisa lake.

Nilisikia majani yakikatika mikononi mwa baba.

"Ile Sabato ya vijana ulipopewa mimbari," akasema polepole, "ulihubiri mikate mitano na samaki wawili. Ukaanza kugawa. Ukagawa, ukagawa, ukatuambia kila mtu alipata kipande cha ukubwa gani. Yesu mwenyewe hukumfikia."

Ilikuwa kweli tupu.

"Niliona aibu, nisikufiche. Lakini niliona pia vile ulivyofurahi pale ulipokuwa unagawa." Akageukia mchai wake. "Nenda kachague hizo hesabu zako. Sitaki kanisa lingoje uzeeke ndipo lipate mahubiri."