Balbu Tatu za Ukweni

Iko siku moja kule Ruponda ambayo hata nikisahau jina langu nitaikumbuka. Mwanangu, wakati huo nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni Nachingwea, na kwa nilivyojiona, ningeweza kuwasha taa mpaka Ruangwa kwa betri moja ya redio.

Nilikuwa namposa Somoe. Baba yake, Mzee Mtopwa, hakuwa amekubali wala kukataa. Akanipa kazi: "Umesoma umeme, eti? Haya, tuwekee taa." Alikuwa na betri ya gari na balbu tatu zinazofanana kabisa: moja ya sebuleni kwake, moja ya chumbani, moja ya jikoni. Nikajua jibu la posa yangu limo humo.

Sasa sikia upumbavu wangu. Kwetu chakula kikiiva, mzee ndiye anayepakuliwa kwanza, tena minofu. Nikaona na umeme tuupakue hivyo hivyo. Waya ukatoka kwenye betri ukapita balbu ya mzee, ukaenda ya chumbani, ukaishia ya jikoni, ndipo ukarudi. Niliamini mzee atashiba mwanga na jikoni watapata makombo. Mwalimu alifundisha kinyume, ila jioni ya somo hilo nilisinzia.

Baada ya magharibi nikaunganisha. Loo! Balbu zote tatu zikawa nyekundu kama ncha ya sigara, kimulimuli angezicheka. Ya mzee haikuzidi ya jikoni hata chembe.

"Betri imechoka, mzee," nikasema haraka.

Mama Somoe akachomoa balbu ya jikoni aiangalie. Nyumba nzima giza!

"He! Nimetoa yangu, na yenu imezimika?" akaita. "Wewe fundi, umetufunga kamba moja kama mbuzi?"

Jasho lilinitoka la kujaza ndoo mbili. Ningeushikilia uongo wangu wangeniamini, maana hakuna mwingine aliyejua umeme pale. Lakini kesho yake mzee wa watu angeipakia betri kwenye baiskeli hadi Nachingwea, kuichaji bure.

"Mzee, betri ni nzima," nikasema. "Niliyekosea ni mimi."

Ile kamba moja ya Mama Somoe ilikuwa imenifumbua macho, nikamweleza: njia ikiwa moja, mkondo unaopita balbu ya kwanza ndio huo huo unaopita ya mwisho, na kila balbu inauzuia, basi zote zinapata kidogo. Nikaomba waya zaidi. Kwa mwanga wa kibatari nikaipa kila balbu njia yake ya kwenda na kurudi kwenye betri. Hapo mkondo ukagawanyika njia tatu, sawa kwa sawa, balbu moja isizuie wa nyingine, na nyumba ikawaka hata ungeokota punje ya ufuta sakafuni. Mama Somoe akachomoa tena ya kwake, nyingine hazikutikisika. Nikamwambia mzee na ubaya wake: betri itaisha mapema zaidi.

"Kumbe hiki kitu hakijui mkubwa!" mzee akacheka.

"Hakijui, mzee."

"Na wewe umekubali kosa mbele ya mke wangu. Mimi mwenyewe sijawahi. Mlete mshenga wako."

Mwanangu, ukiharibu kazi ya mtu, mwambie siku hiyo hiyo, kabla hajahangaika kwa ajili ya uongo wako. Aibu yake ni ya jioni moja tu. Mungu akupe mikono yenye ujuzi na kinywa kisichoogopa kusema "nimekosea", na kila mlango utakaobisha ufunguliwe kwa furaha. Amina.