Shemeji anataka maharagi ya kura ya bwana yangu

Mufiche jina langu, maana shemeji anajua kusoma na gazeti hii inapitishwa mukono kwa mukono baada ya misa. Niko mama wa miaka makumi tatu na moja, mujane, mulimaji wa maharagi huku kwenye milima ya Kalembe. Niko na kasirani, na siombi samahani juu yake.

Kila kiangazi kijiji yetu inapatia nyumba moja tu ruhusa ya kuwinda musituni, upande wa Walikale. Ni kura. Kila nyumba inatia haragi moja mu kitunga, ya aina yake yenyewe, ili ikitoka wote wajue ni ya nani. Ukikosa, mwaka unaofuata unaongeza ingine moja. Ukipata, unarudia moja. Ukiruka mwaka, maharagi yako yote imekufa. Papa kapita, mukubwa wa kijiji, anafungwa macho na kitambaa, anaingiza mukono, anatoa moja.

Bwana yangu alikosa tangu tulipooana. Wenzake walimucheka, "Subira inavuta heri, kaka." Yeye alisema kila mara kwamba mwaka huu yetu ni mingi, hatuwezi kukosa. Nilimujibu, "Na wengine wanaongeza, papa. Kitunga inajaa kwa wote." Shemeji yangu, ndugu yake mukubwa, alipata kura, akarudia haragi moja, na mwaka uliofuata ile moja njo ilitoka tena. Aliua nguruwe ya pori na hakutuletea hata kwato.

Wakati wa mvua bwana yangu alikufa na kifua. Kwetu kilio inaisha na nyama ya pori, na mwenye kuleta nyama ile njo anaamua juu ya mujane, nyumba na shamba. Kura ikitoka kwa jina yangu, ndugu yangu anayekaa Ntoto ataenda kuwinda na mimi nitabaki mu shamba yangu. Shemeji anajua hiyo vizuri. Watu wa kilio hawajarudi kwao, yeye alishafika.

"Mama, maharagi ya ndugu yangu ni ya ukoo. Nitayatia pamoja na ya kwangu, kwa jina yangu."

"Na mimi niko nani?"

Alicheka. "Wewe utakula nyama. Na utapata bwana."

Huyu iko na bibi wa ndoa ya kanisa, na anakaa benchi ya mbele. Nilienda kwa kapita. Kapita alisema mwanamuke hatii kitu mu kitunga ya musitu, na ndugu ya marehemu njo mwenye haki. Wazee wakaitika, basi.

Lakini kuna kitu walisahau. Haragi ya nyumba yetu ni nyeusi yenye madoa meupe. Nilitoka nayo Burungu kwa mama yangu, ninaipanda mimi peke yangu, na sijapatia muntu mbegu. Shemeji akileta zake za manjano aseme ni za ndugu yake, watu watakataa. Sasa anakuja kila siku na mudomo wa asali. "Dada, nipatie tu kidogo."

Nikimupatia, anaweza kukosa, maana bwana yangu alikosa na maharagi mingi. Lakini sio mwili wake unaochezewa kura, ni wa kwangu. Nikikataa, miaka yote ya kungoja ya bwana yangu imekufa, na nitabaki na nguo ya kilio, bila nyama ya kuimaliza. Na haragi moja ya huyu muntu inajua kutoka.

Kura ni juma ijayo. Nikiacha hata mbegu ataiba, namujua. Kwa hiyo nikipika, nitapika zote, na ile ya mama yangu itakuwa imeisha duniani. Musiniambie niombe Mungu, nimeomba mpaka magoti imechubuka. Maji iko motoni tangu asubui. Wasomaji, nishaurini: nimupatie huyu muntu maharagi, ao nitie mu chungu?